Mlango Ulioshusha Pumzi

"Nimesema mara ngapi? Sikuufunga," mwanamke alisema. "Na mkitaka niseme tena, nitasema tena mpaka mate yanikauke."

Chumba cha mahojiano hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza, viti viwili, na taa iliyowaka kwa kusuasua. Inspekta alikaa upande wa pili wa meza, amenyoosha goti lake bovu. Kituo kizima kilimwita Mama Kwanini, maana hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kila asubuhi, hata salamu ilisubiri.

Kesi yenyewe ilikuwa imekaa vibaya. Baba mkwe wa huyu mwanamke alikutwa juzi amekufa chumbani kwake, amelala kifudifudi nyuma ya mlango, mkongojo umelala pembeni yake. Daktari alisema ni moshi wa gesi, ule usioonekana wala kunuka, na bafuni mwa mzee mlikuwa na hita ya maji inayotumia gesi. Basi binti wa marehemu akaja kituoni akiwa amejifunga kibwebwe. Wifi yangu huyu, akasema, alimchoka baba. Amemfungia mlango kwa nje, ameziba bomba la moshi kwa tambara, amekwenda zake sokoni. Na tambara lenyewe akalileta, jeusi tii kwa masizi, amelichomoa jikoni kwa mkono wake. Ufunguo wa chumba ulikutwa kwenye pochi ya mkaza mwana. Mkuu wa kituo akaona yamekwisha. Alasiri hiyo mwanamke angepandishwa gari kwenda mahakamani kwa kosa la kuua, na kosa hilo halina dhamana.

"Tambara je?" Mama Kwanini aliuliza.

"La kushikia sufuria! Jamani, nyumba gani haina tambara la sufuria? Wifi yangu hajui kwa sababu jikoni kwangu huwa anaingia kuonja tu."

Mama Kwanini alizuia kicheko. "Turudi mlangoni. Umetoka sokoni, umefika. Ikawaje?"

"Niliita, baba, baba! Kimya. Nikavuta mlango, haukuja."

"Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo?"

"Hapana! Kitasa kilizunguka vizuri tu. Ila ulikuwa mzito, kama kuna mtu anaushikilia kwa ndani. Nikaweka mguu ukutani nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ukashusha pumzi, fyuuu, ndipo ukafunguka, nusura unibwage chini."

"Mlango ulishusha pumzi. Kwanini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi mshona nguo, mama, si fundi milango."

"Ulisikia kitu kingine?"

Mwanamke alifikiri. "Maji yalikuwa yanatiririka. Na ile feni ya bafuni, ya kutolea mvuke, ilikuwa inanguruma."

"Uliiacha ikinguruma ulipotoka?"

"Niiwashe mimi? Baba alikuwa haitaki hata kuisikia. Alisema inamtetemesha meno. Swichi yenyewe iko nje, koridoni, mume wangu aliiweka huko."

Askari waliofika kwanza waliandika kwenye jalada kwamba feni ilikuwa imezimwa. Mama Kwanini alilikumbuka hilo bila kulifungua jalada. "Kabla ya askari, nani alifika?"

"Mume wangu. Nilimpigia simu, akaja mbio na koti lake la kinyozi mwilini. Mimi nikatoka kutafuta gari kwa jirani. Niliporudi alikuwa ameshambeba baba mpaka sebuleni."

"Amekuja kukuona hapa?"

Mwanamke aliuangalia mkono wa blauzi yake, akaanza kung'oa uzi uliochomoza. Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa hasira.

"Ana mambo mengi ya msiba," alisema. "Sijui hata kama amekula. Akiwa na mawazo yule, hali."

*

Nyumba ilikuwa na waombolezaji upande wa mbele, viti vimepangwa mpaka kwenye geti. Binti wa marehemu alimwona Mama Kwanini akichechemea kuingia, akasimama. "Mnatafuta nini tena? Muuaji si mnaye?"

"Tunaye mtu," Mama Kwanini alimjibu. "Pole na msiba, mwanangu." Akapita.

Chumba cha mzee kilikuwa cha nyuma kabisa, mwisho wa korido. Huko walimsubiri watu wawili. Mmoja alikuwa Kinyozi, mwana wa marehemu na mume wa yule aliye mahabusu, mtu mrefu mwenye mikono laini, amevaa koti lake jeupe kana kwamba mteja angetokea muda wowote. Wa pili ndiye aliyefunga hita na kiyoyozi cha chumba kile, fundi maarufu mtaani kwa jina la Baridi, mwenye mdomo usio na breki.

"Inspekta, mimi nasema mapema," Baridi alianza kabla hajaulizwa. "Hita hii ikiua mtu, mimi nivae sketi nitembee sokoni. Njoo uone."

Bafu lilikuwa ndani ya chumba kile kile, limetengwa kwa pazia tu. Baridi alifungua bomba la maji ya moto, hita ikajiwasha, pu! Moto ukawa wa bluu, umetulia. Akawasha kiberiti akakisogeza kwenye mdomo wa bomba la moshi juu ya hita. Ulimi wa moto ukalala kuelekea ndani ya bomba.

"Umeona? Moshi wote unatoka nje. Inavuta kama mzee wa kiko!"

Mama Kwanini aliona, na alichokiona hakikumfurahisha. Kama hita ilikuwa nzima, basi kuna mtu aliyeiziba, na mtu huyo alikuwa tayari mahabusu. Saa ya ukutani ya marehemu ilikuwa inamhesabia. Alifunga bomba la maji akarudi mlangoni, mahali alipolala mzee, akaukagua ule mlango kama anayetaka kuununua.

Mlango ulifungukia nje, koridoni. Lakini upande wa ndani wa fremu palikuwa na mashimo ya skrubu yaliyozibwa na kupakwa rangi juu.

"Bawaba zilikuwa huku zamani," alisema. "Mlango ulikuwa unafungukia ndani. Kwanini umegeuzwa?"

"Mimi niliugeuza," Kinyozi alijibu taratibu. "Baba na mkongojo wake, mlango ukimjia usoni anabanwa. Nikaona bora ufungukie nje."

"Na mpira huu uliobandikwa chini ya mlango?"

"Upepo wa baridi ulikuwa unapita. Mzee alikuwa analalamika baridi usiku na mchana. Kiyoyozi hiki kinatakiwa kutoa joto pia, lakini kilikuwa kinapumua tu kama mgonjwa. Nikampigia fundi, akaniambia joto linavuja."

"Nilisema huenda linavuja!" Baridi aliruka. "Huenda! Na nilikuambia nitakuja kuangalia."

"Wiki nzima nilikusubiri."

Baridi alikohoa akaangalia dari. Mama Kwanini naye aliangalia juu, ila yeye alikuwa akitazama matundu ya hewa, yale ya kwenye ukuta juu ya dirisha. Yalikuwa wazi. Lakini kila nyumba aliyowahi kupekua ilikuwa na vumbi na utando wa buibui kwenye matundu kama hayo, na haya yalikuwa safi, ila mstari mchafu wa pembe nne uliyazunguka.

"Baridi, panda juu ya kigoda. Gusa hapo."

Fundi alipanda, akagusa. "Inanata. Ni gundi ya utepe. Halafu kuna... ebo! Nywele. Ndogondogo, za kunyolewa."

Kinyozi alitazama mikono yake mwenyewe.

"Niliyaziba mimi," alisema. "Kwa ajili ya joto. Kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya. Yamezibuliwa lini?"

"Siku ile ile. Nilipomtoa baba. Nilitaka hewa iingie."

"Hewa iingie kwa maiti?"

"Nilichanganyikiwa, mama. Ulitaka niwe na akili zangu?"

Lilikuwa jibu zuri, na Mama Kwanini alilipokea kwa kuinamisha kichwa. Kisha akatoa pesa mfukoni akamtuma Baridi dukani akanunue utepe. Fundi alirudi akihema, wakaziba kila tundu kama lilivyokuwa limezibwa. Mlango wakauvuta wakaufunga kutoka ndani, wao wawili wakiwa chumbani, na Kinyozi Mama Kwanini alimwomba abaki koridoni kwenye swichi.

"Washa feni!" alipaza sauti.

Feni ilinguruma mpaka kioo cha bafuni kikacheza. Baridi aliinua macho. "Hii si feni ya bafu. Hii ni ya jiko la hoteli! Kinyozi ameitoa wapi?"

"Washa hita. Rudia kiberiti chako."

Baridi alifungua maji, hita ikawaka. Akasogeza kiberiti palepale kwenye mdomo wa bomba la moshi, akiwa bado na tabasamu lake la ushindi. Ulimi wa moto ulisita. Halafu ukageuka, ukalala upande wa chumbani, ukamlamba fundi kidole. Akaruka nyuma, akakitia kidole mdomoni.

"Funga maji," Mama Kwanini alimwamuru. "Haraka. Sasa niambie."

"Feni inatafuta hewa," Baridi alisema kwa sauti ya chini. "Chumba hakina tundu. Kwa hiyo inaivuta kupitia bomba la moshi. Moshi uliotakiwa kutoka unarudi ndani. Loo! Mzee wa watu. Inspekta, mimi sikujua kuna feni. Wala sikujua ameziba. Naapa."

"Nakuamini. Na kwanini mzee afungulie maji ya moto muda mrefu hivyo?"

"Wazee wengi hufanya. Chumba kikiwa baridi, anafungulia maji ya moto mvuke upashe chumba joto."

Moyo wa Mama Kwanini ulipiga kwa furaha, akaunyamazisha. Hakukuwa na tambara, hakukuwa na bomba lililozibwa. Lakini mkuu wa kituo angeuliza swali moja tu: mzee alifika mpaka mlangoni, mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, kwanini hakutoka?

"Nenda uani," alimwambia fundi. "Kaa karibu na bomba la moshi, usiguse chochote mpaka nikuite."

Baridi alisukuma mlango kwa mkono, haukuenda. Akaweka bega, akajikaza, ukafunguka kwa fyuuu ndefu. Akageuka kumtazama inspekta kwa macho yaliyotoka. Mama Kwanini alimpungia mkono aende, akaurudisha mlango mwenyewe.

Sasa alikuwa peke yake. Alichukua mkongojo wa mzee, akajishusha sakafuni pole pole mpaka goti likalia, akakaa vile alivyokutwa marehemu. Mtu mzima mwenye afya anaweka bega, anatoka. Je, mzee aliyeishiwa nguvu, ameshavuta sumu, ameanguka chini? Alinyoosha mkono akasukuma. Mlango haukutikisika. Akasukuma kwa mikono yote miwili, jasho likamtoka. Ilikuwa kama kusukuma ukuta wa jirani.

Alijaribu kuinuka. Goti likakataa.

Alicheka kidogo, akajiambia amejitakia. Kisha akatazama huku na huku. Matundu yamezibwa, dirisha limefungwa na liko mbali, swichi ya feni iko nje. Feni ilinguruma kiasi kwamba hata angepiga yowe waombolezaji wangedhani ni kilio cha msiba. Hita ilikuwa imezimwa, alijua, hakuna sumu humu. Hata hivyo kifua kilianza kumbana, akaona aibu kwa hofu yake mwenyewe.

Akainua mkongojo akagonga mlango. Ncha yake ilikuwa na mpira, sauti ikatoka nzito na fupi. Du. Du. Du.

Hakuna aliyefungua.

"Kinyozi! Fungua!"

Alijua yuko pale. Aliona kivuli cha mguu wake kwenye ufa mwembamba wa fremu, pembeni mwa bawaba. Alikuwa amesimama tu. Mama Kwanini aligonga tena, safari hii kwa hofu ya kweli. Du. Du. Du.

Sauti ya mwanamume ikaja kutoka upande wa pili, karibu sana na mbao, kama mtu aliyeegemeza paji la uso.

"Alikuwa anagonga hivyo hivyo."

Mama Kwanini alishusha mkongojo.

"Nani?"

Kivuli cha mguu kilisogea.

"Mkongojo una mpira," Mama Kwanini alisema taratibu. "Haukuacha alama mlangoni. Daktari hakusema alikuwa akigonga. Mkeo hakusema, alimkuta kimya. Na wewe uliandikisha kwamba ulikuwa saluni asubuhi nzima. Umejuaje kwamba baba yako aligonga?"

Feni ilinguruma.

"Nilirudi kuchukua mashine ya kunyolea ya akiba," Kinyozi alisema mwishowe. "Nikasikia maji yanatiririka. Ule mvuke wake ulikuwa umeshanibandulia rangi ya ukuta mara mbili, mama. Nikawasha feni hapa, kwenye swichi. Akaanza kugonga. Nikajua ni kwa sababu ya feni. Baba alikuwa anagonga kutwa nzima, lete maji, zima redio, vuta pazia. Tulishazoea. Nikamwambia, mvuke ukiisha nitazima, baba. Nikachukua mashine, nikatoka. Na..." Sauti ilikatika. "Nilifika getini bado anagonga."

"Ukasahau feni."

"Nikasahau feni."

"Nilikuwa najua kuna mtu aliiwasha," Mama Kwanini alisema. "Mkeo hakuiwasha, mzee aliichukia, na ufunguo wa nyumba mnao wawili. Na ni wewe uliyeizima kabla askari hawajafika. Nilichokuwa sijui ni hiki cha kugonga. Sasa fungua mlango."

"Nikifungua utanichukua."

"Nitakuchukua."

"Sikumwua, mama. Niligeuza mlango kwa ajili yake. Niliziba baridi kwa ajili yake. Kila kitu nilikifanya kwa ajili yake."

"Najua. Na hilo ungelisema siku ile ile, ungekuwa umekaa huko mbele na ndugu zako, na mkeo pembeni yako. Kwanini ulinyamaza?"

"Dada alikuwa ameshamnyooshea kidole. Nikasema nitaongea kesho. Kesho ilipofika nikasema kesho."

"Mkeo yuko kwenye chumba kama hiki nilichomo mimi," Mama Kwanini alisema, na sasa hasira ilikuwa wazi kwenye sauti yake. "Chenyewe hakina hata dirisha. Anagonga na wewe unamsikia. Utatoka getini tena?"

Kivuli kilitoweka kwenye ufa. Alisikia kiatu kikiegemezwa ukutani na mtu akiguna. Mlango ukashusha pumzi, fyuuu, ukafunguka. Kinyozi alisimama mbele yake na koti lake jeupe, uso umelowa, akainama akamshika inspekta chini ya makwapa akamwinua kwa uangalifu, kama mtu aliyezoea kuinua wazee.

*

Baridi aliitwa kutoka uani. Mama Kwanini alikuwa na swali moja la mwisho, na aliliuliza kwa sababu jina lake lilimlazimisha.

"Kiyoyozi chenyewe kilikuwa na ugonjwa gani?"

Fundi alipanda kigoda, akafungua uso wa kiyoyozi, akavuta kichujio chake. Kilitoka kimevaa vumbi zito la kijivu kama blanketi la manyoya ya mbuzi. Nyuma yake hewa isingepita hata kwa kubembelezwa.

"Umewahi kukiosha?" alimuuliza Kinyozi.

"Kinaoshwa?"

Baridi alikwenda bafuni akakiweka chini ya bomba, maji yakatoka meusi, kisha ya kijivu, kisha safi. Akakikung'uta, akakipangusa, akakirudisha mahali pake. Akabonyeza rimoti. Hewa ya moto ikashuka, ikajaa chumba chote, ikatikisa pazia la mzee.

Kinyozi aliinua kiganja chake akakiweka kwenye ule upepo wa joto. "Hilo tu?"

"Hilo tu," Baridi alisema, akashuka kigoda bila kumwangalia. "Ningekuja ile wiki, ningekuonyesha."

Mama Kwanini alikuwa tayari na simu sikioni. Mkuu wa kituo alimwambia gari limeshawashwa, mtuhumiwa amesimama mlangoni. "Lizimeni," alisema. "Nakuja na mwingine. Ndiyo, mkuu, nitaeleza kila kitu. Kwanza mpeni yule mama simu." Akangoja, halafu akamnyooshea Kinyozi mkono.

"Mwambie mwenyewe."

Kinyozi alitikisa kichwa. Inspekta hakuurudisha mkono. Mwishowe aliipokea simu kwa vidole viwili, akaiweka sikioni, akafungua mdomo, lakini sauti ya mkewe ilimtangulia, kubwa, ya haraka, wote mle chumbani wakaisikia.

"Ni wewe? Afadhali. Mume wangu, umekula?"